Gobi Mchekecha Mchanga: Mlaji, Si Mfagizi



Nimeombwa nizungumzie samaki mmoja tu, nami nimekubali bila kusita, kwa sababu samaki huyu anakufa njaa mikononi mwa watu wanaompenda. Ni gobi mchekecha mchanga, yule mweupe mrefu anayeonekana kwenye matangi ya matumbawe akichota mchanga kwa kinywa na kuumwaga mashavuni kutwa nzima. Akiingia dukani mtu ambaye mchanga wa tangi lake umefanya utando wa kahawia, muuzaji humwonyesha samaki huyu na kumwambia amchukue, atamsafishia. Na kweli anasafisha. Wiki ya kwanza mchanga unarudia weupe wake, mwenye tangi anafurahi, anawaita majirani waje kuona. Mwezi wa pili tumbo la samaki limeingia ndani. Mwezi wa tatu kichwa kinaonekana kikubwa kuliko kiwiliwili, mgongo umechongoka, na asubuhi moja haonekani tena. Hapo mwenyewe hupima maji. Anakuta chumvi iko sawa, amonia hakuna, joto ni lile lile, akabaki kushangaa.

Maji hayakuwa na kosa. Samaki alimaliza chakula kilichokuwa mchangani, na hakuna aliyemtengea kingine.

Wazee wetu wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gobi hupewa jembe siku ile ile anayotolewa kwenye mfuko wa plastiki, na sahani hawekewi kabisa. Neno langu leo ni hili: samaki huyu ni mlaji, na usafi wa mchanga ni kitu kinachobaki nyuma ya mlo wake. Anayetaka kumweka nyumbani aanze kwa kujiuliza atamlisha nini, na mchanga alio nao una uhai gani ndani yake.

Tumjue kwanza. Gobi ni ukoo mkubwa mno. Spishi zinazojulikana zimepita 1,700, na wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Wachekechaji ninaowazungumzia ni wa jenasi Valenciennea. Jina hilo lilitolewa mwaka 1856 na Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyefanya kazi Batavia, mji tunaouita Jakarta leo, kwa heshima ya Mfaransa Achille Valenciennes, mwenzake Georges Cuvier katika ile kazi kubwa ya majuzuu 22 kuhusu samaki wa dunia. Wanaouzwa sana madukani ni wanne. Yuko Valenciennea strigata, mwenye kichwa cha rangi ya dhahabu na mstari wa buluu inayowaka chini ya jicho. Yuko V. puellaris, mweupe mwenye madoa ya chungwa ubavuni. Yuko V. sexguttata, mwenye vitone vya buluu shavuni na ncha nyeusi kwenye pezi la kwanza la mgongo. Na yuko V. helsdingenii, mwenye mistari miwili mirefu toka puani hadi mkiani. Wote wanne ni wakazi wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Si wageni kwetu. Wengi wetu tumewapita tukiogelea bila kuwatazama.

Basi siku moja watazameni. Mngoje kaskazi, bahari ikiwa shwari na maji meupe, mwende mahali ambapo mwamba umekinga mawimbi na ndani yake pana mchanga mweupe uliotawanyika kati ya vichwa vya matumbawe. Vaeni miwani ya kupigia mbizi, mlale juu ya maji msitikise miguu. Mtamwona samaki wa urefu wa kiganja na nusu akielea shubiri moja juu ya mchanga, kichwa kimeinama. Anashuka ghafla, anauzamisha mdomo mpaka karibu na macho, anapiga tonge. Akiinuka mashavu yametutumka. Taya zinacheza haraka, kama mara tano au sita hivi, na mchanga unaanza kumwagika nje kupitia chini ya vifuniko vya matamvua, pande zote mbili, katika vijito viwili vyembamba. Anasogea kidogo, anashuka tena. Hapumziki. Nyuma yake kunabaki vishimo vidogo, na mara nyingi anafuatana na samaki wengine wanaonyatia kile alichokifukua.

Kinachotokea ndani ya kinywa ndicho cha maana. Kwenye matao ya matamvua kuna vichanuo vidogo vinavyofanya kazi ya chekeche: punje za mchanga zinapita, viumbe wanabaki. Viumbe hao ni wadogo kiasi kwamba wengine huwezi kuwaona kwa jicho tupu. Ni kopepodi na amfipodi, ambao ni jamaa wa kamba na uduvi. Ni minyoo ya mchangani. Ni ostrakodi wenye gamba mithili ya punje ya ulezi. Tonge moja lina chakula kidogo sana. Ndiyo maana anapiga matonge toka jua linapochomoza hadi linapozama, na ndiyo maana anahitaji eneo kubwa la kuzungukia.

Hapa tufanye hesabu. Chukueni tangi zuri la nyumbani, la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Hilo ni tangi la lita 300, na wengi wetu tungejivuna kuwa nalo sebuleni. Eneo lake la chini ni mita ya mraba 0.6. Toeni sehemu iliyokaliwa na mawe, mnabaki na mchanga usiotosha hata kutandikia mkeka. Gobi anamaliza kuupitia wote kabla ya adhuhuri, kisha anaurudia, na anaurudia tena, siku baada ya siku. Kopepodi huzaana haraka, lakini hawawezi kuzaana kwa kasi ya kinywa hicho. Tangi likiwa limewashwa mwezi uliopita, mchanga wake ni mtupu. Samaki anachekecha mawe. Mtu anayetazama anaona kazi inaendelea vizuri na anaridhika, kumbe kila tonge linamgharimu samaki nguvu zaidi ya linayompa.

Kwa hiyo mlisheni. Mlisheni kama mnavyomlisha samaki mwingine yeyote, na zaidi, kwa sababu mwili wake umezoea kula kidogo kidogo mchana kutwa. Mara tatu au nne kwa siku si nyingi. Uduvi waliogandishwa ndio chakula bora cha kuanzia, wakiyeyushwa kwanza na kusuuzwa. Kisha mwongezeeni artemia waliolishwa virutubisho, mayai ya samaki, na baadaye vidonge vidogo vinavyozama. Chakula kinachoelea hakimfai, kwani wenzake watakimaliza juu naye bado kichwa kiko chini. Njia nzuri ni kuzima pampu, kuchukua mrija mrefu, na kushusha uduvi taratibu juu ya mchanga mahali anapopenda kukaa. Atachukua tonge la mchanga pamoja na uduvi, atauchekecha, na mtaona kwamba safari hii taya zinafanya kazi ya kutafuna kweli. Baada ya siku kadhaa atauzoea mrija na kuufuata. Anayeweza aongeze tangi dogo la pembeni lililounganishwa na maji yale yale, lenye mwani na mawe, lisilo na samaki, ambamo kopepodi wazaane kwa amani na kuvuja kidogo kidogo kuingia tangi kubwa.

Dukani msimnunue kabla hamjamwona akila. Mwombeni muuzaji atie chakula mbele yenu. Kisha mtazameni ubavuni, nyuma ya kifuniko cha tamvua na chini ya mgongo: pakiwa pamebonyea, mwacheni, hata kama bei imepunguzwa. Samaki aliyekonda hivyo alishaanza kula misuli yake, na wengi wao hawarudi.

Sasa mchanga wenyewe, ambao nauhesabu kuwa nusu ya somo hili. Punje ziwe laini, za milimita moja au chini yake, za chokaa ya matumbawe iliyosagika na bahari. Changarawe na vipande vya matumbawe vilivyopondwa na mashine vina makali. Vinamchubua kinywa na matamvua, na punje kubwa hazipiti kwenye vichanuo. Kina cha sentimita tano hadi nane kinatosha kumpa mahali pa kuchimba. Na anachimba kwelikweli. Usiku halali mahali pa wazi; anaingia shimoni chini ya jiwe na mara nyingi anaziba mlango. Shimo hilo analichimba mwenyewe, na habagui jiwe la kuchimbia. Mawe yakiwa yamekaa juu ya mchanga, siku atakapofukua chini yake yataporomoka, yamponde yeye au yapasue kioo. Mawe yatangulie kuwekwa, yakae imara juu ya kioo cha chini au juu ya vigingi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Jambo hili likikosewa mwanzoni halirekebishiki bila kubomoa tangi zima.

Kuna wafugaji wanaotegemea mchanga kwa kazi nyingine kabisa, ya kuchuja maji, na kwao gobi ni hasara. Historia ya njia hiyo ni nzuri. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaonyesha wasomaji wa jarida moja la Marekani kwamba matumbawe yanaweza kuishi nyumbani ukitumia mawe hai na mchanga hai wa baharini, yaani wenye viumbe ndani yake, na pumzi kidogo ya hewa. Miaka ya 1980, mwanasayansi Jean Jaubert alilipeleka wazo hilo mbali zaidi huko Monaco. Aliweka tabaka nene la mchanga juu ya nafasi ya maji yaliyotulia, ili sehemu ya chini iwe na oksijeni kidogo sana na bakteria wa huko wageuze nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka yenyewe. Mfumo kama huo unaishi kwa minyoo na vijidudu vinavyopitisha maji mchangani pole pole. Ukimtia gobi humo, anawala wale wale wafanyakazi wanaouendesha. Vilevile akifukua tabaka la chini lililokaa miaka bila kuguswa, anaweza kuachilia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo mtu achague: ama mchanga wa kina kirefu unaochuja maji, ama gobi na mchanga wa kina cha wastani unaogeuzwa kila siku. Vyote viwili katika tangi moja la sebuleni vinagombana.

Matumbawe nayo yana malalamiko yake. Strigata ana tabia ya kupaa na tonge kinywani na kulimwaga akiwa katikati ya maji, na mchanga unashuka juu ya kila kilicho chini. Matumbawe yaliyofunikwa hupoteza mwanga, na nyama yake huoza pale mchanga ulipotulia. Puellaris na sexguttata hukaa chini zaidi, ingawa nao hawana adabu kamili. Wekeni matumbawe juu ya mawe, mbali na sakafu, na mkondo wa pampu uyapitie kuyapangusa. Aina zinazopenda kukaa mchangani moja kwa moja, ni afadhali kuziacha kabisa mkiwa na samaki huyu.

Maji sitayakalia sana, kwa kuwa mengi mnayajua: gramu 35 za chumvi kwa kila lita, joto la nyuzi 24 hadi 27, amonia na nitriti ziwe sifuri. Niongeze tu kwamba wenzetu wa Nairobi wanahitaji hita usiku, na sisi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam shida yetu ni kupoza. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, mradi maji yanayopungua yajazwe kwa maji matamu yaliyosafishwa, si ya chumvi. Umeme ukikatika, muwe na pampu ya hewa ya betri. Na tangi lazima liwe na kifuniko cha wavu. Gobi hawa huruka. Kelele za mlango, taa inayowashwa ghafla gizani, ugomvi kidogo na samaki mwingine, naye yuko sakafuni.

Nije kwenye jambo linalonivutia kuliko yote katika maisha ya samaki hawa, nalo ni ndoa yao. Baharini huonekana wawili wawili, dume na jike, wakila bega kwa bega, mmoja akisogea mwenzake anafuata. George Barlow wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, pamoja na mwenzake Reavis, mwaka 1998 walichapisha uchunguzi wa kueleza kwa nini strigata anakaa na mwenzi mmoja, kwa sababu kwa samaki wa matumbawe hilo si jambo la kawaida. Huko Japani, watafiti Takegaki na Nakazono walimchunguza ndugu yake, V. longipinnis. Jike hutaga ndani ya shimo, dume hubaki humo akiyalinda mayai na kuyapepea. Jike anakaa nje, na hakai bure: anakusanya mchanga na vipande vya matumbawe na kurundika kichuguu juu ya shimo. Watafiti walionyesha kwamba kichuguu hicho kinaongeza maji yanayopita shimoni, na hivyo pumzi inawafikia dume na mayai. Samaki asiyezidi shubiri moja anamjengea mwenzake chumba chenye hewa, kwa kinywa, jiwe moja moja.

Nikishajua hayo sipendi kuona gobi mmoja peke yake kwenye tangi. Lakini msinunue wawili wowote, kwani wasiokubaliana hupigana, na mnyonge hana pa kukimbilia. Tafuteni wawili waliokamatwa pamoja na wanaokaa pamoja dukani. Tena wawili wanakula mara mbili. Kwao tangi la lita 400 ndilo la kuanzia, liwe limekaa na maji na mawe hai si chini ya miezi sita, na bora mwaka.

Mtu wa pwani anaweza kusema: bahari iko hapo, kwa nini nikanunue? Kweli, hata wa dukani wanatoka huko: karibu gobi wote wa aina hii wanaouzwa duniani wamevuliwa baharini. Hawazalishwi kwa wingi kama tunavyozalisha samaki wa anemoni wenye mistari myeupe. Kenya imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo kwa miaka mingi, na vijana wa pwani wanaopiga mbizi na nyavu ndogo wanajua mashimo ya gobi kuliko profesa yeyote. Kazi hiyo ina leseni na ina mipaka. Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968. Kuna Kisite-Mpunguti, kuna Mombasa. Upande wa Tanzania kuna Chumbe tangu 1994 na Mafia tangu 1995. Humo hatuchukui samaki wa mapambo, hatuchukui jiwe, hatuchukui hata kopo la mchanga. Kule Kuruwitu, Kilifi, wananchi wenyewe waliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao ili samaki warudi, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Matumbawe yetu yaliungua vibaya kwa joto la mwaka 1998, na hayajapata raha tangu hapo. Anayetoa jozi ya gobi mwambani ametoa wazazi. Kama watakufa baada ya miezi mitatu sebuleni, afadhali wangebaki.

Simkatazi mtu. Nimeona gobi walionenepa nyumbani, tumbo limejaa, wakichimba na kula kwa miaka, na watoto wa nyumba ile wamejifunza bahari kwa kuwatazama. Wenye matangi yale walikuwa watu wa kulisha.

Mwenye tangi la lita 100, au tangi lililowashwa juzi, au kazi inayomweka nje ya nyumba kutoka alfajiri hadi usiku bila mtu wa kumwachia chakula, asimnunue samaki huyu. Utando wa kahawia unatolewa kwa mpira wa kunyonyea na ndoo, kwa kubadilisha maji, kwa kupunguza chakula kinachooza, na kwa konokono wadogo wa mchangani wasiohitaji kingi. Na wewe ambaye tayari unaye nyumbani, leo usiku ameshajifungia shimoni, hutamwona. Kesho asubuhi kabla hujaenda kazini washa taa, mpe dakika atoke, umtazame ubavuni. Ukiona pamebonyea, anza kumlisha kesho hiyo hiyo, mara nne kwa siku, na usiache mpaka ubavu ujae.